Mafuta ya Breki na Mteremko wa Lushoto

Madereva wengi huamini kwamba breki zikishika vizuri mjini, zitashika popote. Imani hiyo ni ya hatari, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kuonyesha sababu yake.

Tuchukue mfano wa barabara itokayo Lushoto, katika milima ya Usambara, hadi Mombo. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini yake kwa mita 1,000 hivi. Gari dogo la mizigo lenye tungamo la kilo 4,000 pamoja na mboga lililopakia, literemkapo mita 1,000, hutoa nishati ifuatayo:

4,000 × 10 × 1,000 = jouli 40,000,000

Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upinzani wa hewa, matairi na injini. Iliyobaki hugeuzwa na breki kuwa joto kwa njia ya msuguano. Jumla yake ingetosha kuchemsha lita zaidi ya 120 za maji yenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi.

Joto la breki huyafikia mafuta yake. Kazi ya mafuta hayo ni kupeleka kanieneo kutoka kwenye pedeli hadi magurudumuni, nayo huiweza kwa kuwa kimiminiko hakishindiliki kwa urahisi. Lakini mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na hewa ya pwani ya Tanga ina unyevu mwingi. Kwa mujibu wa viwango, mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hushindilika. Dereva hukanyaga pedeli hadi chini, na gari halisimami.

Mafuta hayo hayo hayaonyeshi kasoro yoyote katika barabara tambarare za mjini, kwa kuwa huko hayapati joto la kutosha. Kasoro hujitokeza mlimani tu, wakati ambapo fundi yuko mbali. Kwa hiyo matengenezo yafuate kalenda, yasingoje dalili. Mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, au kama mtengenezaji wa gari anavyoagiza, na breki zitolewe upepo. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyozeeka hakuondoi maji. Chupa iliyokaa wazi isitumike. Na mteremkoni dereva atumie gia ndogo, ili injini isaidie kulizuia gari.

Zoezi: Gari la kilo 6,000 linateremka mita 500. Je, linatoa nishati kiasi gani? Likitumia gia kubwa, nishati hiyo itaelemea wapi?