Mpokezi Aliye Angani: Somo la Dhabt Kutoka kwa Satelaiti za Mawingu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Qur'ani inapozitaja ishara za Allah kwa watu wenye akili, mawingu yamo miongoni mwazo (Al-Baqara, 2:164). Katika Surat An-Nur (24:43) tunaelekezwa tuyatazame yanavyosukumwa, yanavyounganishwa na kurundikwa mpaka mvua ikatoka kati yake. Somo letu leo ni kuhusu watu waliokusudia kuyatazama mawingu ya dunia nzima, usiku na mchana, kwa miaka mingi mfululizo. Kuna swali moja ambalo hawakuweza kulikwepa: tutajuaje kuwa jicho linalotazama halijabadilika?

Ndugu anayesoma elimu ya hadithi atalitambua swali hili mara moja.

Kwa nini mawingu yahesabiwe?

Wingu hufanya kazi mbili zinazopingana. Wingu zito la chini hurudisha mwanga wa jua angani, na dunia ikapoa. Wingu jembamba la juu huupitisha mwanga wa jua lakini huzuia joto la ardhi lisitoke, na dunia ikapata joto. Ukizijumlisha kazi zote mbili, mawingu huipunguzia dunia takriban wati 20 kwa kila mita ya mraba. Linganisha na hewa ya ukaa: ikiongezeka mara mbili, huongeza takriban wati 4 tu. Kwa hiyo badiliko dogo la mawingu linaweza kuongeza joto la dunia au kulipunguza kwa kiasi kikubwa. Na ukilipima badiliko hilo kwa makosa, utapata hukumu yenye makosa.

Mwaka 1982 Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi (WCRP) ulianzisha mradi wa kimataifa unaojulikana kwa herufi ISCCP. Data zilianza kukusanywa Julai 1983. Kazi kuu ya kuzichakata ilifanyika katika taasisi ya Goddard ya NASA jijini New York, chini ya William Rossow.

Satelaiti zilizotumika ni za namna mbili. Za kwanza hukaa kilomita 36,000 juu ya Ikweta na kuzunguka sambamba na dunia, hivyo kila moja hutazama upande mmoja daima. Hizi ni GOES za Marekani, GMS za Japani na Meteosat za Ulaya. Meteosat, iliyokaa juu ya Ghuba ya Guinea, ndiyo iliyolitazama bara letu. Za pili ni NOAA za Marekani, zinazopita karibu na ncha za dunia kwa kimo cha takriban kilomita 850, na kwa kuzunguka kwao huiona dunia yote.

Kutoka namba hadi wingu

Satelaiti haileti habari ya wingu. Inaleta namba. Picha zote zilikuwa nyingi mno kwa kompyuta za wakati ule, hivyo mradi ulichukua picha moja kila baada ya saa 3, na katika picha hiyo pikseli moja kwa kila kilomita 30 hivi. Kwa kila pikseli zilihitajika namba mbili: kiasi cha mwanga wa jua uliorudishwa, na kiasi cha joto lililotoka kwa mionzi ya infraredi.

Hatua zake, kwa ufupi, ni hizi:

1. Kwa kila mahali hutafutwa kwanza sura yake bila wingu. Programu hulinganisha pikseli na jirani zake na pia na siku zilizo karibu, kwa sababu ardhi tupu haibadiliki haraka kama wingu.
2. Pikseli ikiwa baridi zaidi au nyeupe zaidi kuliko sura hiyo, na tofauti ikavuka mpaka uliowekwa, huhesabiwa kuwa na wingu.
3. Ubaridi wa kilele huonyesha kimo cha wingu, na weupe wake huonyesha unene. Kimo hugawanywa katika ngazi tatu, kwa mipaka ya hektopaskali 680 na 440, na unene vilevile ngazi tatu. Hapo hupatikana aina tisa.

Usiku hakuna mwanga wa jua, hubaki infraredi peke yake. Dhoruba za Ziwa Victoria, ambazo huvuma zaidi usiku na kuwaua wavuvi wetu, huonekana vizuri kwa infraredi kwa kuwa vilele vyake ni virefu na baridi sana. Lakini wingu la chini, ambalo joto lake linakaribiana na la ardhi, hupotea kwa urahisi.

Jiwe la mizani

Hatua zote hizo zinategemea namba iwe ya kweli. Muuza maharage sokoni anaweza kuwa mtu mwema, lakini jiwe lake la kilo likiwa limemeguka, kila mteja anapunjwa. Satelaiti nayo huchakaa. Kioo chake huchafuka na kihisi hupoteza nguvu. Jangwa lile lile, jua lile lile, lakini namba inashuka mwaka hadi mwaka. Asiyejua atasema mawingu yamekuwa meusi zaidi, kumbe ni jicho linalozeeka.

Kwa infraredi, NOAA ilikuwa na kipimo chake ndani: kila mara ilitazama kitu chenye joto linalojulikana, kisha ikatazama anga tupu lenye ubaridi. Kwa mwanga wa jua haikuwa na kipimo cha namna hiyo. Hivyo watafiti walirusha ndege ya NASA aina ya ER-2, kwa kimo cha kilomita 20 hivi, juu ya mchanga mweupe wa White Sands huko New Mexico, ikiwa na kifaa kilichopimwa maabara. Ndege na satelaiti zilitazama mchanga ule ule kwa wakati mmoja. Kisha kituo cha Lannion, Ufaransa, kilitafuta mahali ambapo NOAA na satelaiti za Ikweta zilitazama sehemu ile ile, saa ile ile, kwa pembe ile ile, na kila moja ikarekebishwa ifuate NOAA.

Tazama mnyororo huo: Meteosat kutoka kwa NOAA, NOAA kutoka kwa ndege, ndege kutoka kwa kipimo cha maabara. Hii ni isnadi. Kiungo kimoja kikikatika, namba ya mwisho haina pa kuegemea.

Mwelekeo uliokuwa wa uongo

Pamoja na juhudi zote hizo, data za ISCCP zilionyesha kuwa mawingu ya dunia yalipungua kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2000. Wapo walioshika habari hiyo wakajenga hoja kubwa juu yake. Mwaka 2007 Amato Evan na wenzake walionyesha kuwa mwelekeo huo ulifuata mipaka ya macho ya satelaiti. Sehemu inayotazamwa kwa mshazari, kwenye ukingo wa picha, huonekana kuwa na mawingu mengi kuliko inayotazamwa kutoka juu. Satelaiti zilipoongezeka, hasa Meteosat-5 ilipohamishiwa juu ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, sehemu nyingi ziliacha kutazamwa kwa mshazari. Mawingu "yakapungua" bila wingu lolote kupungua.

Je, data zilitupwa? Hapana. Zilisahihishwa kwa kuondoa athari hizo, na mwaka 2016 Joel Norris na wenzake walionyesha mabadiliko yaliyobaki: mikanda ya mawingu ya dhoruba imesogea kuelekea kwenye ncha, maeneo makavu ya nusutropiki yamepanuka, na vilele vya mawingu ya juu vimepanda.

Tunachojifunza wanafunzi wa dini

Maulamaa wa jarh wa taadil walimweka mpokezi kwenye mizani mbili: adala, yaani uadilifu wake, na dhabt, yaani usahihi wa hifadhi yake. Mtu anaweza kuwa mchamungu na hifadhi yake ikawa dhaifu. Tena walikuwa na mlango wa mukhtalit, mpokezi madhubuti ambaye hifadhi yake ilichanganyika uzeeni. Mfano mashuhuri ni Ataa bin As-Saaib. Hawakumtupa moja kwa moja. Waliuliza, nani alisikia kwake kabla ya kuchanganyikiwa? Riwaya za Shu'ba na Sufyan Ath-Thawri kutoka kwake zilikubaliwa kwa kuwa walisikia mapema. Waliosikia baadaye, riwaya zao zilisimamishwa mpaka zipate wa kuziunga mkono.

Ndivyo inavyofanywa kwa satelaiti iliyozeeka: tarehe hujulikana, hulinganishwa na wenzake, chake kizuri huchukuliwa.

Lakini mfano huu una mpaka. Satelaiti haina adala wala uongo, ina dhabt peke yake. Adala inabaki kwa mwanadamu anayeisoma, aliyepata namba inayompendeza na bado akauliza kama ni kweli. Surat Al-Hujurat (49:6) inatuamuru kuhakiki habari kabla ya kutenda, tusije kuwadhuru watu bila kujua. Wengi wetu hutumiana habari za mvua, ukame na "sayansi imethibitisha" kwa simu bila kuuliza isnadi yake. Amri hiyo inatuhusu.

Maswali ya darsa

1. Ni lipi gumu zaidi kuligundua: mpokezi mwongo, au mkweli aliyepoteza hifadhi?
2. Kama mahali pa kupimia penyewe pamebadilika, kipimo kitaegemea wapi?
3. Chukua habari moja ya hali ya hewa uliyoipata wiki hii. Fuata mnyororo wake hadi kwa aliyepima. Umefika wapi?

Wallahu a'lam.