Kabla ya kusema roki si yetu, sikiliza Amanaz

Kila nikimpigia mtu "History of Man" hapa hosteli, swali la kwanza ni, "Hawa ni Wamarekani?" Nikisema ni Wazambia, linafuata la pili: "Sasa kwa nini wanaiga wazungu?" Jibu langu ni refu kidogo, na kwenye korido huwa sipewi muda wa kulimaliza.

Albamu inaitwa Africa, ya mwaka 1975. Ndiyo pekee waliyotoa Amanaz. Keith Kabwe anaimba, John Kanyepa na Isaac Mpofu wako kwenye magitaa, Jerry Mausala besi, Watson Lungu ngoma. Muziki wa aina hii huko kwao uliitwa Zamrock: roki nzito, gitaa linalokwaruza kama spika iliyopasuka, na mapigo ya kwao chini yake.

Ni kweli walisikiliza akina Jimi Hendrix. Lakini tazama mazingira yao. Zambia ilipata uhuru 1964, shaba ilikuwa inalipa, na vijana wa miji ya migodi waliweza kununua magitaa ya umeme. Rais Kaunda akaagiza redio ipige karibu muziki wa nyumbani tu. Kwa hiyo waliotaka kusikia roki redioni iliwabidi waipige wenyewe! Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya miaka ya 1970, vita vya nchi jirani vikaleta amri za kutotoka usiku, na bendi inayoishi kwa shoo za usiku inakula nini hapo? Baadaye Ukimwi ukaondoka na wanamuziki wengi wa kizazi kile. Ndiyo maana hatuwajui. Ubora haukuwa tatizo.

Sasa tusikilize. Anza na "I Am Very Far", ni ya taratibu na inaingilika. Halafu "History of Man": hapo gitaa lina hasira kabisa, na ukweli sijasikia kitu kizito hivyo kutoka Uingereza ya wakati ule kinachonigusa zaidi. Kisha "Kale". Huu ni wa Kinyanja, na jina lake huhitaji kutafsiriwa, kwa sababu kale yao ndiyo kale yetu. Mtu anayeiga haimbi habari za kale kwa lugha ya bibi yake, au siyo?

Kama unasoma ualimu kama mimi, jaribu zoezi hili na wenzako. Toleo jipya la kampuni ya Now-Again ya Marekani lina michanganyo miwili ya albamu hiyohiyo, mmoja mkavu, mwingine uliojaa mwangwi. Piga wimbo mmoja kwa njia zote mbili, uliza kipi kimebadilika. Kwenye mkavu wanaume watano wako chumbani kwako. Kwenye mwangwi ni kama wanapiga ng'ambo ya bonde, usiku. Mimi niko upande wa mkavu, ingawa jirani yangu wa kitanda cha juu anaapa kwamba sina masikio.

Usitumie spika ya simu, aisee. Besi ya Mausala inapotea yote, na bila besi hiyo "Kale" inabaki nusu.