Pinga kodi hiyo, ila bei usiifiche

"Mzee wangu, mimi na mke wangu tumeweka akiba miaka tisa tupate nyumba ya shilingi milioni nne hapa mjini. Sasa kaunti yetu imeleta pendekezo: kila anayenunua nyumba ailipe asilimia mbili ya bei. Muuzaji anasema tuandike milioni mbili na nusu kwenye mkataba, mambo yaishe. Majirani wanataka tuandamane. Nifanye nini?" – J.M.

J.M. mwanangu, pole. Miaka tisa ya kujinyima si mchezo, na hasira yako naielewa.

Hesabu yenyewe

Ushuru wa stempu kwa nyumba ya mjini ni asilimia 4, na mlipaji ni mnunuzi. Kwako hiyo ni 160,000. Kaunti ikiongeza 80,000 yake, utatoa 240,000 kabla hujanunua hata pazia, na wakili bado anangoja chake.

Kaunti nayo ina haja ya fedha, nisiwe mnafiki. Taka hazijizoi. Lakini kodi ya namna hii humkamata anayeingia mlangoni na kumwacha aliyekwisha kukaa. Mwenye viwanja kumi tangu enzi za baba yake haguswi, maana hanunui kitu. Huyo alipaswa kufikiwa na kodi ya ardhi ya kila mwaka, ambayo Katiba imewapa kaunti waziwazi. Wameitumiaje? Nairobi ilikaa miongo kadhaa ikitoza kwa daftari la thamani za mwaka 1982!

Swali la kuwauliza

Soma Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Kaunti inaruhusiwa kutoza kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani. Nyingine yoyote lazima iruhusiwe na sheria ya Bunge la taifa. Basi waulize: sheria ipi imewaruhusu hii? Wakisema si kodi bali ni ada, uliza tena: ada ya huduma gani mnayonipa siku ninaponunua nyumba?

Maandamano ni haki yako, sikukatazi. Ila kelele husahaulika jioni. Karatasi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa hubaki kwenye faili, na jaji anaweza kuisoma.

Huyo muuzaji

Hapa nitakuwa mkali. Usikubali. Thamani ya kutozea ushuru huangaliwa na mthamini wa serikali, hatosheki na mlichoandikiana mezani. Tena fikiria biashara ikivunjika: umetoa milioni nne, mkataba unasema mbili na nusu. Utadai ngapi mahakamani? Milioni moja na nusu itakuwa imezama kwa mkono wako mwenyewe, na huyo anayekushauri leo hatakujua. Halafu mtu aliyedanganya bei atasimamaje mbele ya kamati ya bunge la kaunti kuwafundisha wengine sheria?

Wahi mapema

Jiji la Toronto, Kanada, lilianza kutoza kodi yake ya ununuzi wa nyumba Februari 2008, juu ya ile ya mkoa wa Ontario. Mwaka 2010 Rob Ford aliomba umeya akiahidi kuifuta. Akachaguliwa, muhula wake ukaisha, kodi akaiacha palepale. Kwa hiyo usijiambie, "wapitishe tu, tutaiondoa uchaguzi ujao."

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Andikeni maoni ya ukurasa mmoja, wewe na hao majirani, kila mmoja atie jina na sahihi. Wekeni hesabu yako ya 240,000, wekeni lile swali, na mpendekeze wadaiwa sugu wa kodi ya ardhi wafuatwe kwanza. Nakala moja kwa karani wa bunge, nyingine kwa mwakilishi wa wadi yenu. Siku ya kikao cha kusikiliza maoni nenda, hata kama ni Jumanne na kazini watakukata siku.

Barua iende wiki hii, J.M. Kisha niandikie tena, unieleze walijibu nini.