Kutoka Ufipa hadi Pwani: Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Afya Yake

Kila mwaka, ifikapo Oktoba au Novemba, vijana waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu hupanda mabasi alfajiri mjini Sumbawanga. Tuchukue mfano wa binti wa kata ya Izia aliyepata nafasi ya kusomea udaktari Dar es Salaam. Basi litapita Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na kumshusha kutoka uwanda wa juu wenye baridi hadi usawa wa bahari. Atafika upesi, kuzoea kutachukua muda. Somo hili linaeleza mabadiliko matatu yatakayomkabili, na lini aombe msaada.

1. Mwili

Joto la pwani huambatana na unyevu, hivyo jasho halikauki upesi. Mwili huhitaji takribani wiki moja hadi mbili kulizoea: jasho huanza kutoka mapema, hubeba chumvi kidogo, na mapigo ya moyo hupungua. Katika siku hizo uchovu ni jambo la kawaida. Anywe maji ya kutosha na aepuke kazi nzito za juani.

Homa si sehemu ya kuzoea joto. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengeka, tena si kikamilifu, kwa maambukizi ya mara kwa mara. Aliyekulia penye baridi na mbu wachache huwa na kinga ndogo. Dalili huanza kwa kawaida siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Kwa hiyo homa huweza kumpata katika wiki zile zile za usajili na mihadhara ya mwanzo, naye akaiita uchovu wa masomo. Kuchelewa ni hatari, kwani malaria isiyotibiwa huweza kuwa kali katika muda mfupi. Akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, wala asinunue dawa dukani bila kupimwa. Alale ndani ya chandarua chenye dawa hata kama nyumbani hakukizoea.

2. Masomo

Anatomia, fiziolojia na biokemia huja kwa pamoja, na mhadhara mmoja huweza kumaliza sura nzima ya kitabu. Kusoma daftari lile lile tena na tena hakutoshi. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue ajisahihishe. Arudie zoezi hilo baada ya siku moja, na tena baada ya wiki. Asikeshe. Usingizi wa saa 7 au zaidi ni sehemu ya kujifunza, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu mtu anapolala.

Aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake huweza kujikuta katikati ya darasa. Hilo si dalili ya kwamba amepotea njia: wengi walioketi pembeni yake nao walikuwa wa kwanza kwao.

3. Moyo

Atakumbuka ugali wa ulezi, ubaridi wa asubuhi na sauti za nyumbani. Hamu hiyo huja na kuondoka, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyopata marafiki. Fedha nazo huleta wasiwasi: bumu hutolewa kwa awamu, hivyo aligawe kwa wiki mara tu alipatapo, akitenga kwanza fedha za chakula.

Mzigo mzito zaidi ni aibu. Ikiwa ukoo mzima ulichanga nauli yake, atawezaje kupiga simu na kusema kuwa amefeli jaribio? Hunyamaza, hujitenga, na tatizo dogo hukua. Huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kukiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi au kukosa hamu ya kula, huweza kuwa sonona. Huo ni ugonjwa unaotibika, wala si udhaifu wa tabia. Aende kituo cha afya au ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Akipata mawazo ya kujidhuru, amwambie mtu saa hiyo hiyo, asibaki peke yake.

Kwa wazazi na walezi

Mpigiapo simu, msianze na matokeo. Ulizeni kwanza: umelala? Umekula? Una rafiki? Kijana anayejua kuwa atapokelewa hata akianguka husema mapema, na anayesema mapema husaidiwa kwa urahisi zaidi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini homa ya mwanafunzi mgeni wa pwani isidhaniwe kuwa uchovu?
2. Taja njia moja ya kujifunza iliyo bora kuliko kurudia kusoma daftari.
3. Ni dalili zipi za huzuni zinazohitaji msaada wa kitaalamu, na zikidumu kwa muda gani?