Samaki Wako Anaugua? Anza na Maji! Vidokezo 8 kwa Wafugaji wa Eastlands

Una tangi dogo sebuleni, iwe Umoja, Donholm au Kayole. Asubuhi unakuta samaki mmoja amejibanza pembeni, mapezi yamemganda mwilini, chakula hakigusi. Usikate tamaa, na usikimbilie dukani kununua dawa. Mara nyingi samaki wa nyumbani huugua kwa sababu ya maji, na maji unaweza kuyashughulikia leo hii kabla ya taarifa ya saa moja.

1. Punguza maji, usiyamwage yote

Adui wa kwanza ni amonia. Hutoka kwenye matamvua ya samaki, kwenye kinyesi na kwenye chakula kilichooza. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kung'aa na bado yanamchoma mgonjwa wako. Toa robo hadi thuluthi ya maji, nyonya uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira mwembamba, kisha ujaze maji mapya yenye joto lile lile. Kesho rudia. Ukibadilisha yote kwa mkupuo, mshtuko wenyewe unaweza kummaliza.

2. Jua maji yako yametoka wapi

Hapa ndipo sisi wa Eastlands tuna kazi ya ziada, maana wiki moja unaweza kutumia maji ya aina tatu. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na husafishwa Ng'ethu kwa kutiwa klorini. Klorini hutukinga sisi na kipindupindu, lakini huunguza matamvua ya samaki. Ujanja ni rahisi: jaza ndoo pana, iache wazi kwa saa 24, uifunike kwa kipande cha neti ili mbu wasitage. Mtungi uliofungwa kifuniko hausaidii, klorini hubaki humo humo. Ukiwa na haraka, duka la samaki litakuuzia matone ya kuondoa klorini, nayo hufanya kazi kwa dakika chache.

Maji ya kisima cha ploti je? Mara nyingi hayana klorini, ila yana chumvi na madini mengi. Samaki aliyezoea maji ya mfereji hushtuka ukimbadilishia ghafla, kwa hiyo changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na yule kijana wa mkokoteni, muulize amechota wapi. Asipokuwa na uhakika, yachukulie kuwa yana klorini.

3. Usioshe sponji ya kichujio kwenye sinki

Ndani ya sponji ile wanaishi bakteria wema wanaogeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Maji ya mfereji huwaua, na siku chache baadaye samaki wanaanza kuhema juu ya maji. Ikamue ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi, basi. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 bakteria hao wakomae, kwa hiyo anza na samaki wachache.

4. Chumvi ya jikoni ni msaada wa karibu

Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa kila lita 5 za maji. Ikoroge kwanza kwenye kikombe, uimimine taratibu. Humpunguzia mgonjwa uchovu na kuvisumbua baadhi ya vimelea. Kumbuka chumvi haipai na mvuke: maji yakipungua yenyewe, jazia maji matupu. Kama una mimea au kambare wadogo, mgonjwa atiwe chumvi kwenye ndoo yake peke yake.

5. Madoa meupe yakipotea, usiache dawa

Ukiona vidoa mithili ya chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, hicho ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kikiwa ndani ya ngozi, dawa haikipati. Hudondoka chini, hugawanyika kuwa mamia, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine, na hapo ndipo dawa hukinasa. Kwa hiyo nunua dawa ya madoa meupe, fuata kipimo cha chupa, na uendelee wiki moja zaidi baada ya vidoa kwisha. Zile kapsuli za antibiotiki za binadamu ziache kabisa! Hazikigusi kimelea hiki, na zinaweza kuwaua bakteria wako wema.

6. Siku ya kupulizia mende, funika tangi

Dawa nyingi za mende na kunguni zina kemikali za jamii ya pareto, lile ua linalokuzwa Molo na Nyandarua. Kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Zima pampu ya hewa, kwa sababu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Funika tangi kwa nailoni na taulo, pulizia, fungua madirisha, na usiwashe pampu mpaka harufu iishe. Jirani akifukiza nyumba yake, fanya vivyo hivyo.

7. Stima ikipotea, shika kikombe

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji ya huku hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Chota maji kwa kikombe safi uyamwage kutoka juu, dakika chache kila baada ya muda. Usilishe mpaka stima irudi. Baridi ya Julai nayo huwadhoofisha gapi na wenzao wanaopenda nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo hita ndogo ni pesa iliyotumika vizuri.

8. Mgeni alale kwenye ndoo

Samaki mpya akae peke yake wiki 2 au zaidi, kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni wala rangi. Ndoo hiyo hiyo ndiyo hospitali yako siku ya ugonjwa. Na kama una kidonda mkononi, vaa glavu unapomhudumia mgonjwa, kwani wapo bakteria wa samaki wanaoambukiza ngozi ya binadamu.

Basi leo jioni ukifika nyumbani, jaza ndoo moja uiache wazi. Kesho wakati kama huo utakuwa tayari kumbadilishia mgonjwa wako maji.