Homa Baada ya Dawa ya Kansa: Usingoje Kuche

SOMO LA AFYA



Wagonjwa wengi wa kansa, yaani saratani, kutoka Shinyanga, Kahama na Geita siku hizi hutibiwa Bugando, Mwanza. Hospitali hiyo ya kilimani ilifunguliwa mwaka 1971. Zamani wengi walilazimika kwenda mpaka Ocean Road, Dar es Salaam.

Wengi hutiwa dawa kwa dripu. Kisha hurudi nyumbani kungoja dripu nyingine, mara nyingi baada ya wiki 3. Wiki hizo mgonjwa yumo mikononi mwetu. Kwa hiyo somo hili si la mgonjwa peke yake. Ni letu sote.

KWA NINI DAWA INAUMIZA?

Kansa ni chembe za mwili zinazoota ovyo, kama magugu shambani. Dawa ya dripu ni kama jembe la palizi. Hukata magugu, lakini huijeruhi na pamba iliyo karibu. Chembe zinazokua upesi ndizo huumia: za nywele, mdomo, tumbo na damu. Ndiyo maana nywele hukatika, mdomo hutoka vidonda na mgonjwa hutapika. Hajarogwa. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Kutapika. Meza vidonge vya kuzuia kutapika kama ulivyoelezwa, hata kabla kichefuchefu hakijaanza. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji uliopoa hushuka vizuri kuliko chakula cha moto chenye harufu kali.

2. Kuharisha. Kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza.

3. Vidonda vya mdomo. Sukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Tumia mswaki laini. Acha pilipili na ndimu kwa muda.

4. Usafi. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji ya kunywa na maziwa. Osha matunda. Mgonjwa akae mbali na vumbi la machimbo na karasha, na mbali na watu wenye kikohozi.

5. Mkojo mwekundu. Dawa moja ya dripu ina rangi nyekundu. Mkojo ukiwa mwekundu siku 1 au 2 baada ya dawa hiyo, si damu. Ukiendelea, rudi kwa daktari.

6. Anayefua nguo zenye matapishi au mkojo siku 2 za mwanzo avae glavu.

HATARI KUBWA NI HOMA

Tuchukue mfano. Mama mmoja alipata dripu siku 10 zilizopita. Jioni anatetemeka.

"Mayu, hiyo malaria tu," anasema mwanawe. "Meza panadoli ulale. Kesho tutakwenda zahanati."

Kijana huyu anampenda mama yake, lakini amekosea. Kesho huenda ikawa mbali mno.

Chembe nyeupe za damu ni sungusungu wa mwili. Zinafukuza vijidudu. Dawa ya kansa huzipunguza, na mara nyingi huwa chache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati huo vijidudu vikiingia, hakuna wa kuvizuia. Kidonda chaweza kukosa hata usaha. Homa ndiyo yowe pekee linalosikika. Tusipoitikia, mgonjwa anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu.

Kwa hiyo:

Kwanza, nunueni kipimajoto. Kikifika 38, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akitetemeka au akizimia na kipimajoto hakipo, pia ondokeni.

Pili, asimeze panadoli kabla ya kupimwa. Hushusha joto, lakini vijidudu vinabaki. Asimeze aspirini, kwani yaweza kuleta damu.

Tatu, asichanjwe chale wala kupigwa chuku. Kila jeraha ni mlango. Dawa za miti shamba mwelezeni daktari kabla ya kuzitumia.

Nne, mkifika, semeni mapema: "Huyu anatibiwa kansa. Alipata dripu tarehe fulani. Ana homa." Onyesheni cheti. Apimwe malaria, ndiyo. Lakini hata malaria ikionekana, bado anahitaji kupimwa damu na kupata dawa ya kuua vijidudu upesi. Zahanati ikishindwa, iwapeleke hospitali. Kwa ndugu wa Geita, Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Hakuna tena kungoja kivuko usiku. Lakini anzeni hospitali ya karibu. Msikimbilie Mwanza bila dawa ya kwanza.

Damu ikitoka puani au kwenye fizi bila kukoma, au akishindwa kupumua, fanyeni haraka vivyo hivyo.

Wekeni nauli kando siku anaporudi kutoka dripu, na mpatane na mwenye pikipiki au gari. Usiku wa homa si wakati wa kuuza kuku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini homa ya mgonjwa huyu si sawa na homa ya mtu mwingine?
2. Siku zipi baada ya dripu zina hatari zaidi?
3. Kijijini kwenu, nani ana chombo cha kusafiri usiku?