Gita la Nyuzi 12

Gita la nyuzi 12 lina jozi 6. Jozi 2 nyembamba, nyuzi zake hutoa sauti moja. Jozi 4 nene, kila moja huwa na uzi mwembamba wenye sauti ya juu. Ndiyo maana hulia kama magita mawili.

Lakini fundi, angalia! Nyuzi 6 za chuma huvuta kama mzigo wa kilo 70 hivi. Nyuzi 12 hupita kilo 100. Ukizifunga kwenye gita la nyuzi 6, shingo itapinda.

Basi fanya hivi:
1. Chonga shingo pana, ya mti mgumu uliokauka.
2. Gundisha vijiti imara ndani, chini ya ubao wa mbele.
3. Usikaze nyuzi sana. Sauti ishuke kidogo.

Swali: Kwa nini gita la nyuzi 6 halifai kufungwa nyuzi 12?